Ekari 76 Kando ya Ziwa la Tellico

Hotuba iliyotolewa mbele ya wasemaji wa Kiswahili waishio Knoxville, Tennessee, Machi 2025

Wazee wetu, mama zetu, ndugu zangu mliotoka Bujumbura, Uvira, Kigoma, Mombasa na kwingineko, nawashukuru kwa kunipa nafasi hii, na nawashukuru hasa vijana mliokubali kukaa ndani mchana wa Jumamosi kusikiliza habari za sheria.

Kila mmoja wetu ameandika neno Tennessee mara zisizo na idadi: kwenye makaratasi ya ukimbizi, kwenye leseni ya udereva, kwenye fomu za shule za watoto, kwenye bahasha ya barua ya nyumbani. Neno hilo lilikuwa jina la kijiji. Kijiji kiliitwa Tanasi, kilikuwa cha Wacherokee, taifa la wenyeji asilia wa Marekani, kilikuwa kando ya mto ambao leo unaitwa Little Tennessee, na kutoka hapa tulipo mtu akiendesha gari saa moja hivi kuelekea kusini anafika kilipokuwa. Hatakiona. Ataona jiwe la ukumbusho lenye pembe nane, na kwenye jiwe hilo ameandikiwa kwamba Tanasi yenyewe iko yadi 300 hivi upande wa magharibi, chini ya maji.

Mwezi uliopita, Februari 2025, Baraza la Wawakilishi la Marekani lilipitisha muswada wa kurudisha ekari 76 hivi za ardhi ya eneo hilo, katika Kaunti ya Monroe, mikononi mwa Wacherokee wa Mashariki. Aliyeuwasilisha ni Mbunge Chuck Fleischmann, anayeiwakilisha kaunti hiyo. Baraza hilo limewahi kuupitisha muswada wa namna hiyohiyo katika mabunge yaliyotangulia, kwa mfano mwaka 2021, ukapelekwa Seneti, ukakaa huko mpaka muda wa Bunge ukaisha, na kazi yote ikaanza upya. Hoja niliyokuja nayo ni moja tu. Bonde hili la Little Tennessee lilizamishwa na bwawa la Tellico kwa kifungu cha sheria kilichopita Bungeni kwa dakika chache, na kwa kuwa kalamu ya Bunge ndiyo iliyolizamisha, kalamu hiyohiyo ndiyo inayopaswa kurudisha kilichobaki juu ya maji. Kila Bunge linalomaliza muda wake bila kuukamilisha muswada huu linarefusha deni ambalo Bunge lenyewe lilijiwekea.

Naomba mnivumilie nirudi nyuma kidogo, kwa sababu ekari 76 hazieleweki bila bonde zima.

Katika karne ya 18 vijiji vya Wacherokee walioitwa wa Ng'ambo ya Milima vilijipanga kando ya mto huo kama shanga kwenye uzi: Citico, Chota, Tanasi, Toqua, Tomotley, Tuskegee. Tanasi ilikuwa na ukubwa wake mwanzoni, kisha Chota, jirani yake, ikawa ndiyo makao makuu, mahali ambapo wajumbe wa Waingereza na wa makoloni walikuja kuketi katika jumba la baraza na kuzungumza mambo ya vita na ya amani. Hapo Chota alizikwa Oconostota, kiongozi mkuu wa vita, aliyefariki mwaka 1783. Na katika kijiji cha Tuskegee, katika miaka ya 1770, alizaliwa Sequoyah.

Kwa Sequoyah nitakaa kidogo, kwa sababu sisi Waswahili tuna uwezo wa kuielewa kazi yake haraka kuliko watu wengi. Sote tulianza shule kwa kuimba ba, be, bi, bo, bu. Ma, me, mi, mo, mu. Sequoyah, mtu ambaye hakujua kusoma lugha yoyote, aliisikiliza lugha yake miaka mingi na akagundua kwamba maneno yake yote yanajengwa kwa silabi za namna hiyo, akaipa kila silabi alama yake: ma ina alama moja, me ina nyingine, mi ina nyingine. Mwaka 1821 kazi ilikamilika, na alama zinazotumika mpaka leo ni 85. Mtu mzima aliyejua Kicherokee aliweza kujifunza kusoma kwa muda mfupi sana, na kufikia Februari 1828 Wacherokee walikuwa na gazeti lao lenyewe, Cherokee Phoenix, lililochapishwa New Echota, Georgia, kwa Kicherokee na Kiingereza. Nayasema haya kwa sababu kiwanja cha makumbusho ya Sequoyah, mjini Vonore, ni sehemu ya ardhi inayoombwa katika muswada huu.

Ardhi ya bonde lile iliondoka mikononi mwa Wacherokee kwa mkataba wa mwaka 1819. Ni vizuri tulikubali jambo hilo waziwazi, maana kuna watu watakaowaambia kwamba ardhi iliuzwa na habari imeishia hapo. Ilitolewa, ni kweli, na taifa ambalo kila mkataba lililosaini lilisaini likiwa na ardhi ndogo kuliko mkataba uliotangulia. Na ardhi waliyobaki nayo ikafuatwa pia. Mei 1830 Rais Andrew Jackson alitia saini sheria ya kuwahamisha wenyeji asilia kwenda magharibi ya Mto Mississippi. Desemba 1835, pale New Echota, kikundi kidogo cha watu wasiotumwa na serikali ya Wacherokee kilisaini mkataba wa kuitoa nchi yote iliyobaki mashariki kwa dola milioni 5. Chifu Mkuu John Ross aliupinga, na kukapelekwa Washington orodha ya majina zaidi ya 15,000 ya watu waliokataa. Seneti ikauridhia mkataba huo mwaka 1836 kwa tofauti ya kura moja juu ya theluthi mbili zilizotakiwa. Kura moja. Mwaka 1838 askari wakawatoa watu majumbani mwao, na kati ya Wacherokee 16,000 hivi waliosafirishwa, inakadiriwa 4,000 walikufa, katika kambi na katika safari ile inayoitwa Njia ya Machozi. Wengi walioko hapa hawahitaji kuelezwa kambi ni nini, kwa hiyo sitaendelea.

Waliosalia milimani, upande wa North Carolina, ndio mababu wa Wacherokee wa Mashariki. Walijificha, wengine walikuwa tayari wameishi nje ya mipaka ya taifa, na kwa kuwa sheria haikuwaruhusu kumiliki ardhi kwa majina yao, mfanyabiashara mmoja Mzungu, William Holland Thomas, aliyelelewa kwa karibu nao, aliwanunulia viwanja kwa jina lake mwenyewe. Kutokana na viwanja hivyo kuna eneo la Qualla la leo, ekari 56,000 hivi, linaloshikiliwa na serikali ya Marekani kama amana ya kabila. Hivyo Wacherokee hawa ni watu walioinunua tena nchi yao kwa fedha. Mwaka 1996 walifanya hivyo tena: walinunua ekari 309 za Kituwah, karibu na Bryson City, mahali wanapopaita mji mama, na ilichukua miaka mingine 25 mpaka ardhi hiyo ikaingizwa rasmi kwenye amana.

Sasa turudi Tellico.

Mamlaka ya Bonde la Tennessee, TVA, shirika la serikali ya Marekani, tunaijua sote. Makao yake makuu yako hapa mjini, na umeme unaowasha taa za ukumbi huu unatoka kwake. Katika miaka ya 1960 mamlaka hiyo iliamua kujenga bwawa kwenye mlango wa Mto Little Tennessee. Bwawa la Tellico halina hata mtambo mmoja wa kuzalisha umeme. Linayasukuma maji kwenye mfereji kwenda bwawa la jirani, na sababu kubwa iliyotolewa ilikuwa maendeleo ya viwanda na burudani kando ya ziwa. Kwa ajili hiyo TVA ilitwaa zaidi ya ekari 37,000, ingawa ziwa lenyewe ni karibu ekari 16,000. Zaidi ya familia 300 za wakulima, wengi wao Wazungu ambao babu zao waliingia huko baada ya 1819, walilazimika kuuza. Hao nao walidhulumiwa, na ningependa tusiwasahau tunapozungumzia haki za Wacherokee, maana mkono uliowaondoa ulikuwa mmoja.

Wengi wenu mmewahi kusikia hadithi ya yule samaki mdogo. Mwaka 1973 aligunduliwa mtoni samaki asiyezidi urefu wa kidole, na Juni 1978 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa majaji sita dhidi ya watatu, ikasema kwamba sheria ya viumbe walio hatarini kutoweka inazuia bwawa kukamilishwa. Januari 1979 kamati maalumu iliyoundwa na Bunge lenyewe ilikataa kwa kauli moja kuliondolea bwawa katazo hilo, ikieleza kwamba hata likiwa karibu kumalizika, faida yake haifikii gharama zilizobaki. Ilionekana mto umepona. Ndipo Juni mwaka huohuo, katika mjadala wa muswada wa fedha za nishati na maji, mbunge wa hapa kwetu Knoxville, John Duncan, akachomeka kifungu cha nyongeza kinachoiondoa Tellico katika sheria zote zinazoweza kuizuia. Kifungu hakikusomwa kwa sauti. Wabunge wachache waliokuwamo ukumbini wakakubali, dakika chache tu, wakaendelea na mengine. Seneti ikafuata baada ya mvutano, na Septemba 1979 Rais Jimmy Carter akatia saini.

Hadithi inayosimuliwa ni ya samaki. Ya watu husimuliwa mara chache. Oktoba 1979 Wacherokee walikwenda mahakamani. Mlalamikaji wa kwanza alikuwa Ammoneta Sequoyah, mganga wa mitishamba, aliyekuwa akisafiri kutoka North Carolina kwenda Chota kuchuma dawa, na aliyeieleza mahakama kwamba maji yakiifunika Chota, atapoteza ujuzi wake wa tiba. Mwaka mmoja tu kabla ya hapo, Agosti 1978, Bunge lilikuwa limepitisha sheria ya kulinda uhuru wa dini wa wenyeji asilia. Jaji wa mahakama ya wilaya akasema Wacherokee hawana haki yoyote ya umiliki katika ardhi hiyo, kwa hiyo hawana la kudai. Mwaka 1980 mahakama ya rufaa ilikiri kwamba kukosa umiliki peke yake hakutoshi kuwafungia mlango, lakini ikaona kwamba kilichoelezwa ni utamaduni na historia ya familia zaidi kuliko ibada, na kesi ikaishia hapo. Wakati hukumu hiyo inatolewa hapakuwa tena na kitu cha kuokoa. Milango ya bwawa ilikuwa imefungwa tarehe 29 Novemba 1979.

Nilikwenda Chota Oktoba mwaka jana pamoja na binti yangu. Gari huachwa pembeni, mtu akatembea kwa miguu kwenye kijia kinachopita kwenye miti mpaka kwenye uwanja wa majani ulioinuliwa kwa udongo ili usifunikwe na ziwa. Katikati kuna nguzo nane za zege zilizopangwa kwa duara: saba za koo saba za Wacherokee, na moja ya taifa. Zimesimama pale jumba la baraza lilipokuwa. Karibu yake kuna kaburi la Oconostota. Juu ya jiwe la kaburi palikuwa na sarafu, kokoto, kipande cha kitambaa chekundu na majani makavu ambayo binti yangu aliinama kuyanusa, akaniambia ni tumbaku. Upande wa pili wa maji ilisikika boti ya starehe. Kimya kilirudi, kisha ikaja nyingine.

Oconostota hakulala pale muda wote. Mwaka 1969, bwawa likiwa linajengwa, wanaakiolojia wa chuo kikuu cha hapa Knoxville walichimba Chota wakayakuta mabaki yake yamelazwa ndani ya mtumbwi uliofanywa jeneza, na walimtambua kwa miwani yake, kwani mzee yule alijulikana kwa miwani. Alirudishwa ardhini mwaka 1987. Wengine, mabaki ya Wacherokee 191 waliofukuliwa katika vijiji vya bonde kabla ya mafuriko, walizikwa pamoja katika tuta moja kwenye kiwanja cha makumbusho ya Sequoyah. Makumbusho hayo yalifunguliwa mwaka 1986 na ni mali ya kabila. Lakini kiwanja yalipojengwa, pamoja na tuta lenye wafu wao, kipo chini ya TVA, kama ilivyo kwa uwanja wa Chota na jiwe la Tanasi. Hilo ndilo muswada unalotaka kulibadilisha.

Muswada unasema nini? Ardhi hiyo iondoke mikononi mwa TVA na ishikiliwe na serikali ya Marekani kama amana kwa manufaa ya Wacherokee wa Mashariki. Ardhi ya amana haiuzwi, haitozwi kodi ya kaunti, na sheria za kabila zinatumika juu yake. Muswada unakataza kabisa biashara ya kamari katika ekari hizo, jambo linalojibu hofu ya wale wanaodhani kila ardhi inayorudi itaota kasino. Unaiachia TVA mamlaka yake ya kupandisha na kushusha maji ya ziwa, na hata ya kuyaruhusu yaingie kwa muda katika sehemu za ardhi hiyo inapobidi. Sitaficha kwamba kifungu hicho kinanichoma: waliozamishiwa vijiji wanatakiwa wakubali kwamba hata kilichobaki kinaweza kuloa. Lakini wenyewe wamekubali, na ni wao wenye haki ya kupima nini kinatosha kwa sasa.

Wapo wanaouliza haja iko wapi, wakati kabila tayari linaendesha makumbusho, linafanya kumbukumbu zake Chota, na hakuna anayelifukuza. Swali hili nadhani ukumbi huu unaweza kulijibu vizuri kuliko kumbi nyingi. Mpangaji anayelipa vizuri na asiyesumbuliwa bado ni mpangaji. Kati yetu wapo waliokimbia Burundi mwaka 1972 wakiwa watoto, wakalelewa Tanzania, na ndugu zao waliorudi miaka thelathini baadaye wakakuta shamba la baba lina mtu mwingine mwenye karatasi, tena wakati mwingine jirani mwema tu anayewaruhusu wapite kisimani. Wanajua kuruhusiwa kupita kuna ladha gani.

Wengine husema: mkiwapa hizi, watataka jimbo zima. Muswada haugusi nyumba ya mtu, shamba la mtu wala kiwanja cha mtu binafsi. Ardhi yote ni ya serikali tayari. Wakati huohuo, sehemu ya zile ekari ambazo TVA ilizitwaa kwa nguvu na ambazo maji hayakuzifikia, leo zina makazi ya kifahari na viwanja vya gofu. Kama ardhi ya umma iliyochukuliwa kwa wakulima iliweza kupita kwenda kwa wajenzi wa nyumba za wastaafu, ni vigumu kuona kwa nini ekari 76 zenye makaburi zishindwe kupita kwenda kwa watoto wa waliozikwa humo.

Na Bunge linajua jinsi ya kufanya kazi hii, kwa kuwa limewahi kuifanya. Mwaka 2003 liliidhinisha mabadilishano kati ya Hifadhi ya Taifa ya Great Smoky Mountains na Wacherokee wa Mashariki: kabila likapata ekari 143 za Ravensford, idara ya hifadhi za taifa ikapata ekari 218 karibu na Waterrock Knob zilizonunuliwa na kabila. Watetezi wa hifadhi walipiga kelele kwamba huo ni mwanzo wa kuzigawa mbuga zote za taifa. Zaidi ya miaka ishirini imepita, mbuga zipo, na Ravensford kuna shule ya watoto wa Kicherokee, kuanzia wadogo mpaka wanaomaliza sekondari. Tofauti ni kwamba safari ile kabila lilitakiwa kutoa ardhi ili lipate ardhi. Safari hii halidaiwi kitu, na nadhani ndiyo maana muswada huu una uzito kuliko ukubwa wa eneo lake: kwa mara moja, Bunge linaombwa kurudisha bila kuuza.

Sasa muswada uko Seneti. Jimbo letu lina maseneta wawili, Marsha Blackburn na Bill Hagerty, na wana ofisi zinazopokea barua za wakazi. Walio raia na wanaopiga kura, barua zenu zitasomwa kwa jicho la kura. Ambao hamjawa raia, nanyi ni wakazi wa Tennessee, mnalipa kodi hapa na bili ya umeme hapa, na hakuna sheria inayowakataza kuandika. Kwenye meza ya mlangoni kuna mfano wa barua kwa Kiswahili na Kiingereza. Tafadhali msiinakili neno kwa neno. Andikeni mnavyoona wenyewe, mtaje Chota na Tanasi kwa majina, na muombe jambo moja tu: kwamba muswada upelekwe ukumbini upigiwe kura kabla ya muda wa Bunge hili kwisha.

La mwisho ni la safari. Jumamosi ya tarehe 12 Aprili tutakwenda huko pamoja, magari yataondoka hapa saa 3 asubuhi. Tutaanza Vonore, kwenye makumbusho, na watoto watapata muda wa kuandika majina yao kwa silabi za Sequoyah. Kwenye tuta la wale 191 hakuna kupanda juu wala kukaa kula. Kisha tutakwenda Chota, kwa hiyo vaeni viatu vya kutembea, na wazee wanaohitaji kushikwa mkono watuambie mapema ili tupange vijana. Sarafu na tumbaku zilizo juu ya kaburi la Oconostota zisiguswe na mtu. Wazazi, waambieni watoto kabla hatujashuka garini.